Moshi Nyuma ya Gari la Bibi Breki

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine upande wa abiria, ya mwalimu. Mwanamke huyu alikalia kiti cha abiria kwa miaka mingi, mguu wake ukielea juu ya breki hiyo ya pili, hata watu wa mtaani wakasahau kumwita kwa jina. Wakamwita Bibi Breki. Hakuchukia. Alisema jina likikuletea wateja usiligombeze. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti wake wawili waliokwisha kuolewa na kuhamia mbali, na mumewe hakuwahi kumwita vingine.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la zamani kuliko baadhi ya wanafunzi waliojifunzia. Kwenye paa lilibeba kibao chekundu kilichofungwa kwa waya. Lilikuwa limebadilishwa klachi mara nyingi, kwa maana klachi ndiyo inayolipa karo ya kila mwanafunzi, lakini injini yake haikuwahi kufunguliwa. Bibi Breki alijivunia jambo hilo. Mtu akilisifu gari, alikuwa akisema, "Injini ni ile ile liliyozaliwa nayo," kama vile anamsemea mzee ambaye bado ana meno yake yote.

Ndiyo maana oili ilipoanza kupungua hakumwambia mtu.

Alikuwa na desturi ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili kila asubuhi kabla ya somo la kwanza. Zamani kijiti kilitoka kimelowa hadi alama ya juu, kutoka badiliko moja la oili mpaka jingine. Sasa kikawa kinatoka kimelowa katikati, kisha chini ya katikati. Akadhani inavuja. Akatandika kartoni safi chini ya injini gari lilipolala, na asubuhi akaichomoa na kuikagua huku na huku. Kartoni ilikuwa kavu. Kwa hiyo oili haikuwa inamwagika. Ilikuwa inakwenda mahali, na mahali penyewe hapakuwa pa kupendeza. Akanunua oili ya akiba, akaiviringisha katika kitenge kikuukuu na kuiweka ndani ya buti, akawa anaongeza kidogo kidogo wakati wanafunzi hawapo. Muuza duka alimshauri oili nzito zaidi. Akaijaribu. Gari likawa zito kuamka asubuhi, na oili nayo ikaendelea kupungua.

Siri hiyo aliitoboa dereva wa lori. Bibi Breki alikuwa na mwanafunzi, muuza samani mnene anayetokwa na jasho viganjani, wamesimama kwenye taa za barabarani. Taa ilipobadilika, muuza samani alikanyaga mafuta kwa hofu na gari likaruka mbele. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi, kisha likaja ubavuni, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, humo ndani mnachoma nyama ama mnafundishana gari?"

"Tazama mbele," Bibi Breki alimwambia mwanafunzi.

"Anasema nini, mwalimu?"

"Anasema tazama mbele."

Lakini yeye mwenyewe alitazama kioo. Kioo cha ziada cha mwalimu kilimwonyesha magari yaliyofuata na uso wa dereva wa nyuma. Bomba la moshi liko chini ya buti, na kioo hakifiki huko. Hakuona kitu.

Ukaguzi wa magari ya kufundishia ulikuwa unakaribia. Mkaguzi akiona moshi, gari linang'olewa kibao palepale, na bila kibao hakuna masomo. Basi Bibi Breki akalipeleka gari kwa fundi wa karibu na mzunguko, mtu mwenye maneno mengi na ovaroli safi. Fundi alimwambia aliwashe na kukanyaga mafuta, akaingiza kidole ndani ya bomba, akakitoa kikiwa cheusi na chenye utelezi.

"Injini imekwisha, mama yangu. Ringi za pistoni, zile pete zinazozuia oili isipande, zimekufa."

"Zote?"

"Ringi zikifa hazibagui. Lakini una bahati. Nina injini ya mtumba imeshuka juzi, haijawahi kunusa vumbi. Natoa hii, naweka ile, unasahau."

Akamtajia bei. Ilikuwa zaidi ya nusu ya kile ambacho gari zima lingeuzwa, kama angepatikana wa kulinunua. Bibi Breki alikuwa na akiba inayokaribia kiasi hicho, aliyoiweka kwa ajili ya kununua gari la pili siku moja, ili aajiri mwalimu mwingine. Akasema atarudi.

"Usikawie," fundi alisema. "Kuna mwenye teksi anaiulizia."

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa mwoka mikate kwenye tanuri la mtaa wa pili, mwanamume mrefu, mkimya, ambaye hata akioga unga ulimbakia kwenye nyusi. Watu walimfahamu kwa mikate yake. Wachache walikumbuka kwamba kabla ya mikate alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na dereva mzuri. Siku moja breki zilimwishia kwenye mteremko, akalilaza lori ubavu ili lisiingie sokoni. Hakuna aliyekufa. Utingo wake alivunjika nyonga na hadi leo anatembea akiyumba. Uchunguzi ulisema dereva hana kosa, mwajiri akampongeza na kumpa lori jingine. Akazirudisha funguo mezani, akaenda zake kwa miguu. Tangu hapo hakushika usukani. Alipanda mabasi, alipanda baiskeli, alipanda gari la mkewe akikaa nyuma kama mgeni, lakini hakuendesha. Leseni yake tu ndiyo aliyoendelea kuihuisha kila muda wake ulipokwisha, na mkewe hakumwuliza kwa nini.

"Amepima kwa nini?" mwoka mikate aliuliza.

"Kwa kidole."

"Kidole chenyewe kina geji?"

"Baba Pacha, mimi nakueleza balaa, wewe unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mtu akikwambia utoe figo, unamwuliza amepima nini." Alichovya mkate kwenye chai. "Kuna yule fundi wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Yule asiyesema. Alikuwa anatutengenezea malori. Nenda kwake."

Fundi asiyesema waliyemwita Kimya alikuwa na banda la mabati lililojaa harufu ya maranda ya mbao na dizeli. Aliliwasha gari, akasikiliza, akalizima. Hakugusa bomba la moshi. Akafuta mikono akauliza, "Linatoa moshi wakati gani?"

"Watu wanasema linatoa."

"Sijauliza watu wanasema nini. Nimeuliza wakati gani. Likiamka asubuhi? Likipanda mlima? Likishuka?"

Bibi Breki hakujua. Maisha yake yote ya kazi alikaa ndani ya gari lile akitazama mbele, na hakuwahi kuliona likienda. Hata alipoliendesha mwenyewe alikuwa ndani yake.

"Kuna tofauti?" aliuliza.

"Kubwa. Moshi wa kupanda ni ringi. Moshi wa kuamka na wa kushuka ni kitu kingine, na bei nyingine."

"Basi liendeshe wewe nitazame."

"Hapa kwangu ni tambarare, na sasa limeshapata moto. Linatakiwa liwashwe pale linapolala, likiwa baridi, lipande ule mlima wenu na kuushuka. Mimi naishi ng'ambo ya mji. Mtafute mwenye leseni aliendeshe, wewe ufuate nyuma. Kisha uniletee jibu, si maneno ya watu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mteja mmoja kwa siku.

Mwenye leseni hakuwa rahisi kupatikana. Wanafunzi wake hawakuwa na leseni, ndiyo maana walikuwa wanafunzi. Wale waliofuzu walikuwa wametawanyika na maisha yao. Mwalimu mwingine wa udereva wa mtaa ule angekubali kwa furaha, na kabla ya mchana kila mtu angekuwa anajua kwamba gari la Bibi Breki linafuka. Aliwauliza wanafunzi walau wamwambie walichoona. Mmoja alisema linafuka muda wote. Mwingine, aliyekuwa na mtihani wiki hiyo, alisema hajawahi kuona moshi wowote na kwamba gari ni zuri sana. Muuza samani alisema yeye barabarani haoni chochote.

Akayasimulia hayo mezani, usiku wa siku hiyo, bila kumwomba mtu kitu. Mumewe aliendelea kula. Alipomaliza alikusanya makombo kwa kiganja, akayatia kwenye sahani.

"Kesho naingia zamu ya mchana," alisema.

"Ehe?"

"Nauliza, hilo gari linatakiwa liwashwe mapema kiasi gani?"

Mkewe alimtazama. "Kabla jua halijakolea," alijibu, akaondoa vyombo.

Asubuhi alimkodi kijana wa pikipiki wa pale kwenye kona, mtu mzima mwenye familia ambaye watu waliendelea kumwita kijana kwa mazoea, akampa maelekezo: wafuate gari jeupe, wasilipite, wasilikaribie mno. Kisha akasimama nyuma ya gari lake mwenyewe, akakunja mikono.

Mwoka mikate alitoka amevaa viatu vya kazini. Akaingia, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho, akarekebisha vioo kimoja kimoja. Halafu akakaa. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mwenye pikipiki alitaka kupiga honi, Bibi Breki akamshika bega.

Injini ikawaka. Bomba likakohoa wingu la bluu, zito, lililotambaa juu ya changarawe hadi miguuni pa Bibi Breki, likanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Alilitazama bila kusogea. Punde likakatika, bomba likawa safi.

Gari likasogea, likatikisika, likazima.

"Mwanafunzi mpya?" mwenye pikipiki aliuliza akicheka.

"Mpya," alisema Bibi Breki.

Mara ya pili liliondoka sawasawa. Walipita maduka yaliyokuwa bado yamefungwa, wakapita shule, wakaanza kupanda. Bibi Breki aliinama pembeni ya bega la mwenye pikipiki, macho kwenye bomba. Mlimani gari lilinguruma, gia ikashushwa kwa wakati wake, na bomba halikutoa kitu ila ukungu mwepesi ambao ungeweza kuwa vumbi. Aliutilia maanani huo ukungu hata hivyo.

Kileleni gari likawasha taa ya kuashiria, likaegesha kando.

"Limeharibika?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Hapana. Ngoja."

Kutoka walipokuwa aliona kisogo cha mumewe na mkono mmoja juu ya usukani. Mbele yao barabara iliteremka moja kwa moja hadi kwenye mabanda ya mboga. Bibi Breki alifikiria kushuka aende dirishani. Alijua afanye nini na mwanafunzi aliyeganda: unaongea naye taratibu, unamwambia gia, unamwambia mguu. Na alijua kuwa huyu hakuwa mwanafunzi. Akabaki juu ya pikipiki. Alikiri baadaye kwa binti yake kwamba wakati ule hakuwa anafikiria oili hata chembe.

Taa ya kuashiria ikamulika tena. Gari likaingia barabarani na kuanza kushuka.

Lilishuka kwa gia ya pili, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, injini ikilishikilia gari lisikimbie, kama wanavyoshuka madereva wa malori wasioziamini breki. Wanafunzi wa Bibi Breki hawakushuka hivyo. Wao walining'inia kwenye breki mpaka zikanuka. Lilishuka mteremko wote namna hiyo, polepole, likilia kwa sauti ya juu. Bomba lilikuwa safi kabisa. Kisha chini, barabara iliponyooka, dereva akakanyaga mafuta, na wingu la bluu likalipuka nyuma ya gari kama pazia limeangushwa. Mwenye pikipiki akafunga breki akaziba pua.

"Mama! Hilo si gari, hilo ni jiko!"

Gari lilisimama mbele ya mabanda. Bibi Breki alimfikia mumewe na kuinamia dirishani. Shati lake lilikuwa limegandamana na mgongo, na hakuuachia usukani.

"Umeona?" aliuliza mwoka mikate.

"Nimeona. Inatosha, twende nyumbani."

"Mara moja haitoshi. Utaambiwa ni vumbi." Akageuza gari, akapanda tena, akashuka tena. Wingu likatoka pale pale.

Walipofika nyumbani alimkabidhi ufunguo. "Klachi yako inashika juu sana," alisema.

"Ni wanafunzi."

"Najua ni wanafunzi." Akaenda kuoga, kisha akaenda kwenye mikate yake. Siku ile, kwa mujibu wa waliofanya naye kazi, aliunguza trei nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Fundi Kimya alisikiliza jibu, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Sili za valvu," alisema. Alimweleza kwamba ni vipira vidogo vinavyovaa shingo za valvu, kazi yake ni kuzuia oili ya juu isiteremke ndani ya silinda. Vikizeeka vinakauka kama ngozi ya kisigino. Gari likilala, oili inadondoka ndani, na asubuhi yote inaungua kwa mara moja. Na ukishuka mlima umeondoa mguu kwenye mafuta, injini inanyonya kwa nguvu, oili inapita pembeni ya shingo. Ukikanyaga tena, inaungua. Hapo ndipo pazia.

"Na ule ukungu wa kupanda?"

"Ndio nataka kuupima."

Akafungua plagi zote akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa na majivu makavu kiasi, moja ilikuwa imelowa na nyeusi. Akachomeka geji ya kupimia mgandamizo wa silinda kwenye kila tundu, Bibi Breki akazungusha injini kwa ufunguo. Silinda tatu zilisoma vizuri kwa umri wao. Ile ya plagi iliyolowa ilisoma chini. Fundi akamimina oili kidogo kwenye tundu lake, akapima tena, mshale ukapanda.

"Hii ni ringi," alisema. "Oili imeziba nafasi, ndiyo maana imepanda. Yule wa mzunguko hakusema uongo. Amesema robo ya ukweli kwa bei ya ukweli mzima."

Kisha akamwekea mambo mezani. Sili pekee ni kazi ya siku moja na bei yake haizidi ya tairi mbili. Zitaondoa moshi unaoonekana, lakini silinda ile moja itaendelea kunywa oili kidogo kidogo. Kuifungua injini, kubadilisha ringi na gasketi na kuchongesha silinda, ni bei inayokaribia ile ya injini ya mtumba. Na injini ya mtumba hakuna anayejua imelala wapi na nani.

"Wewe ungefanya nini?"

"Si gari langu."

"Nakuuliza tu."

Fundi alisubiri mashine ya kupasulia mbao upande wa pili inyamaze. "Ningeweka sili. Ningepima oili kila asubuhi. Pesa nyingine ningeitunza, kwa sababu gari hili siku moja litataka kitu kingine."

Bibi Breki alisikitika kidogo. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba gari ama ni zima ama ni bovu, na kwamba mtu akilipa, ubovu unaondoka. Sasa aliambiwa alipe na ubovu ubaki, ila ukae kimya. Akakubali. Siku ya kazi alikuja kushuhudia, akaketi juu ya gogo. Alidhani kichwa cha injini kitang'olewa. Badala yake fundi alichukua kamba safi, akaitumbukiza kupitia tundu la plagi mpaka ikajaa ndani, akaizungusha injini kwa mkono hadi pistoni ikaisukuma kamba juu na kuzikaza valvu zisianguke. Ndipo akafungua springi, akachomoa vipira vya zamani. Vilikuwa vigumu kama vifungo vya koti. Alimpa kimoja mkononi. Alipokibana kwa kucha kilivunjika.

Kabla ya jioni gari liliwashwa, likafuka sana kwa dakika chache likichoma mabaki, kisha likaacha.

Kwenye ukaguzi mkaguzi aliwasha injini, akazunguka nyuma, akaamuru mafuta yakanyagwe, akatazama bomba kwa makini. Bibi Breki alitazama pembeni. Moshi haukutoka. Mkaguzi akamrudisha hata hivyo, kwa sababu mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umechakaa, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Akabadilisha mkanda, akarudi, akapita.

Oili iliendelea kupungua, lakini kwa mwendo wa kuvumilika. Hakuificha tena, aliiongeza mbele ya wanafunzi na kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya somo. Injini ya fundi wa mzunguko ilichukuliwa kweli na mwenye teksi. Habari zake hazikufika mtaani, njema wala mbaya. Gari la pili halikununuliwa mwaka ule, ingawa akiba ilibaki mahali pake.

Kuhusu mwoka mikate, watu waliomwona asubuhi ile walidhani atarudi barabarani. Mwajiri wake wa zamani hata alimtumia salamu. Hakurudi. Wiki zikapita na hakugusa ufunguo, na mkewe hakuutaja. Halafu mmoja wa mabinti akaja kwa basi na mtoto wake mchanga, mjukuu wao wa kwanza, siku ambayo Bibi Breki alikuwa na mwanafunzi kwenye mtihani na asingeweza kumwacha. Gari lilikuwa nyumbani, kwa kuwa mitihani ilifanywa kwa magari ya serikali. Binti aliposhuka kituoni alimtafuta mama yake kwenye umati, akamwona baba yake amesimama kando ya gari jeupe lenye kibao chekundu, unga kwenye nyusi.

"Nani amekuleta, baba?"

"Nimejileta. Ingia nyuma, mfunge mtoto vizuri."

Alipita njia ndefu, ile ya kuzunguka kwenye viwanda, isiyo na mteremko. Binti alifahamu kwamba kuna njia fupi. Mtoto alilala mwendo wote.